Nani Aruhusiwe Kuwa na Lafudhi? Maoni kuhusu Tamthilia za Runinga na Mwanafunzi wa Kiswahili Uganda

Yeyote aliyefundisha fasihi katika vyuo vyetu anajua kwamba uhakiki mkali zaidi haufanyiki darasani. Hufanyika varandani kabla ya kipindi, pale wanafunzi wanapobishana kuhusu tamthilia waliyoitazama jana usiku. Mmoja atadai kwamba mwandishi amewadanganya watazamaji kwa kumfufua mhusika aliyekwisha kuzikwa. Mwingine atajibu kwamba ishara zilikuwapo tangu mwanzo kwa mwenye macho. Wa tatu hatajali ufufuo. Anachotaka kujua ni kwa nini mke mwenye akili kama yule amsamehe mume yule. Hayo ni masuala ya msuko, udokezi na motisha ya wahusika. Lakini wakiingia darasani na kuulizwa juu ya tamthilia iliyomo katika silabasi, wanafunzi hao hao huandika kwamba "mwandishi ametumia mbinu ya taharuki" na kuweka nukta, kana kwamba taharuki ni chumvi inayopimwa kwa kijiko.

Jambo la pili linalopasa kutuhuzunisha sisi walimu ni kwamba ubishi ule wa varandani, pamoja na utamu wake wote, hufanyika kwa Luganda na Kiingereza. Kiswahili husubiri mlangoni. Wala si kwamba tamthilia zenyewe hazipo kwa Kiswahili. Kupitia ving'amuzi, mwanafunzi wa Kampala au Tororo anaweza kutazama kazi za Tanzania kama Huba na Jua Kali, za Kenya kama Selina na Maria, na kazi za Uchina na Uturuki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mimi mwenyewe ni mtazamaji sugu, na siku hizi nimerudia vipindi vya zamani vya Papa Shirandula kwa jicho la kazi. Katika makala haya nataka kutoa maoni yangu kuhusu baadhi ya tamthilia hizi, nikiongozwa na swali moja: nani, katika kioo cha runinga, anaruhusiwa kuzungumza Kiswahili kama mtu aliyejifunza, na anapofanya hivyo anatendewa nini?

Kwanza neno juu ya istilahi. Walimu wenzangu hulalamika kwamba runinga imetunyang'anya neno "tamthilia", ambalo darasani lina maana ya kazi iliyoandikwa ili ichezwe jukwaani. Mimi silalamiki. Watazamaji walikuwa na kitu kisicho na jina wakachukua jina lililokuwa karibu, na lugha zote hufanya hivyo. Vijana pia wana "sizoni", "episodi" na "steringi", yaani yule ambaye hafi kabla ya mwisho. Neno hili la mwisho lina faida ambayo "mhusika mkuu" halina: linabeba ndani yake matarajio ya mtazamaji. Mtu akisema "steringi hafi" amekwisha kueleza kanuni nzima ya utanzu.

Tuanze na Uchina. Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyopewa jina la Doudou na Mama Wakwe Zake. Doudou ni muuguzi anayeolewa na Yu Wei, kijana ambaye wazazi wake wametalikiana na baba ameoa tena. Kwa hiyo bibi harusi anajikuta na mama wakwe wawili. Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja tamthilia hii kama mfano wa uhusiano wa Uchina na Tanzania. Siasa tuiache hapo. Lililowavutia watu wetu halikuwa Uchina bali ugomvi wa jikoni: nani ampikie mwana, nani ashike funguo, na nani aitwe "mama" kwa sauti ipi. Hayo hayahitaji mkalimani.

Hata hivyo kulikuwa na kazi ngumu ya lugha ambayo mtazamaji haioni. Kichina husema mengi kwa silabi chache. Kule mtu akimwambia mwenzake kwamba anampenda, hutumia silabi tatu. Sisi tunahitaji nne kwa "nakupenda" na tano kwa "ninakupenda". Mdomo wa mwigizaji unafungwa, na Kiswahili bado kiko njiani. Mtia sauti ana njia mbili: kukimbia, au kupunguza. Akikimbia, tunapata yale mazungumzo ya mbio ambamo hata mgonjwa mahututi huongea kama mtangazaji wa mpira. Akipunguza, vinavyotupwa kwanza ni vile vidogo vinavyoipa Kiswahili ladha yake: "jamani", "basi", "hebu", "ati", "mwenzangu". Hubaki sarufi safi isiyo na mtu ndani yake. Ninapowasikia wanafunzi wakisema kwamba Kiswahili cha tamthilia hizi ni "kizuri sana", huwa nawauliza ni kizuri kama nini. Kama maji yaliyochemshwa, nadhani: salama, na hayana ladha ya mto wowote.

Nina manung'uniko mengine madogo kuhusu jina lenyewe. Kiswahili kina neno "mavyaa", na kina "mkazamwana" kwa mke wa mwana. Ni maneno yanayofifia, na hapa ilipatikana tamthilia nzima ya kuyarudishia uhai, tukaishia na "mama wakwe". Naelewa sababu: mtazamaji lazima aelewe upesi. Lakini nafasi kama ile haiji mara mbili.

Tamthilia za Kituruki zina bahati zaidi, na bahati hiyo ni ya kisarufi. Kituruki, kama Kiswahili, hupakia nafsi, wakati na ukanushi katika kitenzi kimoja kirefu. Tofauti ni kwamba wao hupachika nyuma na sisi mbele. Vitenzi vyao ni virefu kama vyetu, kwa hiyo mdomo na sauti huachana mara chache. Hata msamiati una udugu kupitia Kiarabu: dunia, habari, kitabu, kalamu, akili, sabuni, waziri. Mwanafunzi wa isimu linganishi anaweza kupata mazoezi mazuri hapa bila kufungua kamusi.

Iliyovuma kuliko zote ni ile tuliyoizoea kwa jina la Sultan, ambayo Azam TV iliionyesha kwa sauti za Kiswahili. Kwao iliitwa Muhteşem Yüzyıl na ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, ikisimulia maisha ya Sultani Suleiman wa milki ya Osmani katika karne ya 16. Kiswahili hakikuingia ikulu ile kikiwa mgeni. Kiliishi katika ikulu ya sultani huko Unguja hadi mapinduzi ya Januari 1964. Kina "suria" na "towashi", kina "kadhi" na "hazina", na kina adabu za kumwendea mkubwa ambazo Kiingereza cha leo hakina. Kama kuna lugha ya Afrika iliyokuwa tayari kwa tamthilia hii, ni hii yetu.

Lakini ndani yake mna suala ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotuhusu zaidi. Mhusika mkuu wa kike, Hürrem, si Mturuki. Anaanza akiwa Aleksandra, msichana aliyetekwa katika nchi za Waslavi, sehemu ambayo leo ni Ukraine, akaletwa Istanbul kwa meli kama mtumwa. Lugha ya ikulu anajifunza akiwa mkubwa, kwa lazima, katikati ya maadui. Mwigizaji wa kwanza wa nafasi hiyo, Meryem Uzerli, alizaliwa na kukulia Ujerumani, na Kituruki chake kilikuwa na lafudhi ya kigeni ambayo waandaaji waliitumia badala ya kuificha. Mtazamaji wa Uturuki alimsikia mgeni, na mgeni huyo ndiye aliyekuja kumzidi kila mtu kwa ujanja na mamlaka. Tena si yeye peke yake. Ibrahim, rafiki na waziri mkuu wa Sultani, alitoka Parga, katika nchi ya Wagiriki. Masuria karibu wote walitoka mbali. Ukiitazama vizuri, hii ni tamthilia kuhusu nyumba ambamo karibu kila mtu anatumia lugha ya kujifunza, na maisha yake yanategemea namna anavyoitumia.

Je, kuna picha inayofanana zaidi na Kiswahili nchini Uganda? Hapa kwetu ni wachache mno waliokinyonya na maziwa ya mama. Tumekisoma shuleni, tumekiokota sokoni, mpakani au kambini. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakakifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaafiki kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Pamoja na maazimio yote hayo, bado kuna wazee wanaokihusisha na mtutu wa bunduki na majambazi wa usiku. Mtoto wa leo anayeanza kukijifunza anahitaji kumwona mtu anayekizungumza kwa makosa na lafudhi yake, na bado ni mtu mwenye heshima.

Hapo ndipo mtia sauti wa Kiswahili anapokabiliwa na uamuzi ambao Waturuki hawakuwa nao. Ampe Hürrem Kiswahili cha namna gani? Akimpa Kiswahili cha Unguja Mjini tangu siku ya kwanza, amefuta nusu ya mhusika. Akimpa lafudhi, ni lafudhi ya nani? Hatuna lafudhi ya Kislavi katika masikio yetu. Tuna lafudhi za Kijaluo, za Kikamba, za Kiluhya, za Kikuyu, na nchini Tanzania za Kimasai na Kisukuma. Na kila moja kati ya hizo, katika runinga za Afrika Mashariki, imekwisha kutengewa kazi maalumu: kuchekesha.

Tazama Vioja Mahakamani, kipindi kilichoanza enzi za Sauti ya Kenya, kabla ya shirika lile kuwa KBC. Mpangilio wake wa lugha ni wa wazi kama mpangilio wa viti. Hakimu na kiongozi wa mashtaka huzungumza Kiswahili sanifu. Mshtakiwa, awe Makokha au Ondiek Nyuka Kwota, huja na lafudhi yake, ngeli zimevunjika, na kicheko kinaanza kabla hajataja kosa aliloshtakiwa. Kwa hakika kuna ukombozi fulani hapo. Mshtakiwa mara nyingi humzunguka hakimu kwa maneno, na katika nchi ambayo mahakama zilizoea kuendeshwa kwa Kiingereza, kumwona mwananchi akijitetea kwa Kiswahili chake lilikuwa jambo kubwa. Lakini funzo linalobaki masikioni mwa mtoto ni rahisi zaidi: usanifu uko juu mezani, lafudhi iko kizimbani.

Vitimbi ina undani zaidi, na nitaitetea mbele ya yeyote. Mzee Ojwang' alikuwa na lafudhi ya Kijaluo iliyokolea kiasi kwamba watu wengi walishangaa kusikia kwamba mwigizaji wake, Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile ilikuwa vazi. Alilivaa kwa ustadi, na aliyelivaa hakuwa mjinga. Ojwang' alikuwa na tamaa, ujanja, hofu ya mkewe Mama Kayai, na mara kwa mara busara. Tulimcheka kwa matendo yake kuliko kwa "sh" yake iliyogeuka "s". Tatizo ni wale waliomfuata. Waigaji walichukua vazi wakamwacha mtu. Kila kichekesho kipya kikaja na mlinzi wa lafudhi hii, mpishi wa lafudhi ile, na mwenye duka wa lafudhi ya tatu, wote wakiwa hawana historia wala haja, bali matamshi tu.

Papa Shirandula, iliyoonyeshwa Citizen kuanzia 2007 hadi mwigizaji wake mkuu Charles Bukeko alipofariki Julai 2020, inasimama katikati. Wazo lake la msingi ni zuri kuliko watu wengi wanavyokumbuka: mlinzi wa getini anamficha mkewe Wilbroda kazi yake halisi, na kumfanya aamini kwamba yeye ni mkubwa ofisini. Kila kipindi ni hatari ya kufichuliwa. Na hapa lafudhi inafanya kazi ya kisanaa, kwa sababu Shirandula ni mtu mmoja mwenye sauti mbili. Mbele ya bosi anajikunyata, nyumbani anatamba. Nikitazama tena vipindi hivi naona kwamba mahali ambapo Bukeko ni bora kabisa ni pale anapobadilisha sauti hizo katika sentensi moja, simu ya nyumbani inapolia bosi akiwa amesimama mbele yake. Hapo tunacheka kwa uchungu kidogo, maana tunajua kwa nini mtu atake kumficha mkewe sare ya ulinzi. Vipindi vya miaka ya baadaye, kwa maoni yangu, vilipoteza siri hiyo vikabaki na matamshi.

Msomaji anaweza kunipinga kwa kutaja Maria, iliyoanza Citizen mwaka 2019. Yasmin Said aliigiza msichana wa mtaa wa mabanda anayeingia katika nyumba ya matajiri na Sheng yake mdomoni, naye ni steringi kamili, anapendwa na analiliwa. Pingamizi hilo ni la haki. Ila Sheng ni lugha ya ujana na ya jiji. Ina fahari yake, na hata wanaoilaani huiga. Kuvunja ngeli kwa Sheng ni ujanja. Kuvunja ngeli ile ile kwa lafudhi ya kijijini ni ushamba. Kosa ni moja, hukumu ni mbili. Mwanafunzi wangu wa Gulu anayesema "samba" badala ya "shamba", au wa Masaka anayekwenda kupiga "kula" badala ya "kura", hawezi kujikinga nyuma ya Sheng. Anayo lafudhi tu, na runinga imemfundisha lafudhi ni ya nini. Matokeo yake tunayaona darasani: ananyamaza.

Kuna mtu mmoja katika sanaa za picha za Uganda ambaye hakunyamaza, naye ni mfasiri wa vibanda vya video, yule tunayemwita viijei. Hajali midomo kwenda sawa na sauti. Husimama juu ya filamu nzima, akafasiri kwa Luganda, akaeleza, akamtukana adui, akamwonya steringi, akafananisha jumba la Marekani na jumba la Kololo. Wenzake wapo Kenya na Tanzania; DJ Afro na marehemu Lufufu wanajulikana. Wataalamu wa tafsiri humwona kama mharibifu. Mimi humwona kama mhakiki aliyekataa kungoja filamu iishe. Tofauti na mtia sauti wa studio, yeye hatoweki ndani ya lugha; unamsikia ni nani na ametoka wapi. Bahati mbaya kwetu, viijei wetu amebaki katika Luganda, na kwa hiyo raha ile ya kutoa maoni juu ya picha haijapata makao katika Kiswahili cha Uganda.

Ndiyo maana muhula uliopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi. Nilichagua siku za mwanzo za Aleksandra ndani ya ikulu, kabla hajapewa jina la Hürrem, nikawataka wamwandikie maneno yake kwa Kiswahili, na kisha kila mmoja atetee uamuzi wake kwa mdomo. Masharti yalikuwa mawili: asikike mgeni, na asichekeshe.

Wengi walikwama kwenye sharti la pili. Walivunja ngeli, "kitabu yangu", "mtu ile", na papo hapo darasa likaangua kicheko, kwa sababu masikio yamefunzwa hivyo. Kijana mmoja alimpa lafudhi ya kwao kaskazini, kisha akaiondoa mwenyewe kabla ya kumaliza kusoma. Mwingine aliona afadhali anyamaze kabisa siku tatu za mwanzo, aseme kwa macho. Wazo zuri, ila nilimwambia kwamba zoezi ni la tafsiri.

Aliyenivutia ni msichana aliyempa Aleksandra Kiswahili kisicho na kosa hata moja. Sentensi zilikuwa fupi mno. Hakuna kirejeshi, hakuna tamathali, hakuna "jamani". "Mimi ninaitwa Aleksandra. Nyumba yetu iliungua. Sitaki chakula." Alieleza kwamba mtumwa aliyeingia lugha ya watu huhesabu maneno kama mtu mwenye fedha kidogo sokoni, na kwamba ugeni wake tuusikie katika yale asiyoyasema. Alimtaja pia mama yake Bi Salme wa Zanzibar, suria wa Kicherkesi aliyeletwa ikulu ya Seyyid Said akiwa bado mtoto, aliyelazimika kujifunza maisha upya katika lugha za wengine. Darasa halikucheka.

Walipinga, hata hivyo, na walipinga vizuri. Mmoja alisema kwamba mtu mwenye hasira kama Hürrem hahesabu maneno, huyamwaga, na makosa ndiyo damu ya hasira hiyo. Mwingine akauliza itakuwaje baadaye, akishakuwa na watoto na mamlaka: atarefusha sentensi lini, katika kipindi cha ngapi, na mtazamaji atajuaje kwamba sasa lugha imekuwa yake? Msichana yule akajibu kwamba siku atakapotumia methali dhidi ya Mahidevran, ndiyo siku hiyo. Wakaanza kutafuta ni methali gani.